Imekwisha Kabla Haijaanza

Baba Mkubwa amerudi Muheza jana, mahari ya mdogo wetu imepokelewa bila mvutano, na wakaguzi nao wamemaliza kupekua vitabu vya ofisi na kuondoka. Ilikuwa wiki ya mambo makubwa, lakini linalonizunguka kichwani ni jambo dogo alilolitamka mzee huyo sebuleni, usiku ule wageni walipokwisha kutawanyika.

Alinikuta na kompyuta mapajani, akauliza ninatazama nini. Nikamsogezea kiti na kuianzisha upya ile filamu fupi ya kuchorwa ya kalunguyeye anayemfuata farasi mweupe ndani ya ukungu, ambayo nimekwisha kuwachosha nayo hapa. Aliitazama kimya mpaka mwisho, akaendelea kukitazama kioo hata kilipokuwa cheusi, kisha akanigeukia.

“Ndiyo imekwisha?”

“Ndiyo, Baba Mkubwa.”

“Mbona imekwisha kabla haijaanza?”

Akavua miwani, akanitakia usiku mwema, akaenda kulala.

Wanaomfahamu wanajua kwamba hasemi kwa nia ya kuumiza. Hata hivyo, nimeyarudia mazungumzo hayo kwenye daladala, mbele ya majalada na jikoni, kila mara nikimpa sauti tofauti. Kuna wakati nayasikia kama mzaha, na kuna wakati nayasikia kama hukumu ya mtu aliyekulia kwenye filamu za Kihindi za saa tatu, zenye mapumziko katikati na wimbo kwa kila chozi. Sauti inayonichoma zaidi ni ile ya mtu aliyepunjwa kwenye mzani.

Majibu yalinijia alipokwisha kulala. Nilitaka kumwambia kwamba “Kalunguyeye katika Ukungu”, aliyoitengeneza Yuri Norstein mjini Moscow mwaka 1975, ina dakika kumi hivi. Kwamba filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, hivyo dakika kumi ni picha 14,400. Na kwamba katika kazi ya namna hii mtu husimamisha kamera, akasogeza mguu wa karatasi kwa unene wa ukucha, akapiga picha, kisha akasogeza tena. Vipande vile alivichora Francheska Yarbusova, mke wa Norstein, vikapangwa juu ya vioo vilivyoachana tabaka kwa tabaka. Ukungu wenyewe ulikuwa karatasi nyembamba sana iliyolazwa juu ya picha na kuinuliwa polepole kuelekea kwenye kamera, mpaka kiumbe aliyekuwa akionekana vizuri anafifia na kumezwa na weupe. Sijui kama hesabu hizo zingemtuliza. Aliyepunjwa haulizi jasho la mwenye duka.

Ninachokipenda katika filamu fupi, hasa za kuchorwa, hakitokani na jasho hilo peke yake. Mtengenezaji wa filamu ndefu anayo nafasi ya kutueleza kila kitu, na mara nyingi huitumia yote. Wa filamu fupi hulazimika kuchagua kitu kimoja na kutuachia mengine. Katika “Baba na Binti” ya Michael Dudok de Wit, Mholanzi aliyeshinda Oscar mwaka 2001 kwa dakika nane zisizo na neno hata moja, msichana anamuaga baba yake anayeondoka kwa mashua, kisha anarudi ufukweni hapo kwa baiskeli, mara kwa mara, katika kila umri wake. Alipokwisha kuwa ajuza anajaribu kuisimamisha baiskeli, inaanguka. Anarudi kuisimamisha, inaanguka tena. Mwishowe anaiacha hapo chini na kwenda zake. Hatuambiwi baba alikwenda wapi, na mimi nimekwisha kumpa safari nyingi.

Asubuhi ya kuondoka kwake, Baba Mkubwa alikuwa akimenya yai na kunywa chai, nami nikitafuta namba ya dereva wa bajaji. Bila kuinua macho akaniuliza, “Yule farasi mwenyewe ni nani?”

Nilisimama na simu mkononi. “Haisemwi, Baba Mkubwa.”

“Farasi mweupe vile hawezi kukosa mwenyewe. Au walimsahau mle?”

Kisha akanisimulia, kwa kirefu kuliko nilivyowahi kumsikia, habari za ukungu wa Amani alipokuwa kwenye mashamba ya chai: jinsi unavyopanda kutoka bondeni ukameza miguu kwanza, na jinsi unavyoweza kuwasikia wachumaji wakizungumza karibu nawe usiwaone hata kidogo. Alisema wale watu wa Urusi wameupatia. Mimi nilikuwa nikiogopa kucheka kwa furaha, kwa sababu filamu ile inaishia pale pale alipofikia yeye: dubu anazungumza mfululizo kuhusu chai na nyota watakazozihesabu, na kalunguyeye ameketi kando yake akimwaza farasi aliyebaki kwenye ukungu. Mzee alikuwa amelala na farasi kichwani na kuamka naye.

Furaha hiyo haijatulia, na nimekwisha kupanga nitakachomwonyesha akija kwenye harusi. Nafikiria “Pumzi” ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Hiyo haikuchorwa, inaigizwa na watu, na ina urefu wa dakika ishirini hivi. Ndani yake vita vya maji vimekwisha kuikausha nchi, na mwanamke mmoja anatoka na mche mkononi kutafuta pa kuupanda. Mtu wa mashamba hatakosa la kusema kuhusu mche. Najua atauliza shamba lile ni la nani.

Ni karibu saa sita usiku na sijajua la kufanya kuhusu fundi wa paa. Fedha za mabati alikwisha kuzichukua, simu yake inaita bila kupokelewa, na leo alasiri mawingu yalikuwa mazito upande wa bahari. Sehemu iliyobaki wazi ni ile iliyo juu ya chumba cha Mama.