Nilivyosukuma mtoto nikiwa na ganzi ya mgongo

Tangu nijifungue mwanangu wa pili, swali ninaloulizwa sana ni moja: ukishatiwa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, utasukumaje? Jirani ameniuliza, mwalimu mwenzangu ameniuliza, na mavyaa wangu aliniuliza kabla hata sijaenda hospitali. Mimi mwenyewe nilikaa nalo miezi. Nilipokuwa nikitafuta maelezo niliyapata mengi kuhusu sindano, lakini kuhusu ile saa ya kusukuma karibu sikupata kitu. Kwa hiyo naieleza hapa nilivyoipita mimi.

Nasra, mtoto wangu wa kwanza, nilimzaa bila dawa yoyote ya maumivu. Nilisukuma zaidi ya saa mbili. Kilichonibakia kichwani si maumivu yenyewe, ni jinsi nilivyopotewa na akili. Mkunga alikuwa akisema na mimi simsikii. Tumbo likikaza mimi napiga kelele, likilegea ndipo nasukuma. Nilichanika vibaya, nikashonwa huku nikiisikia kila sindano inavyoingia. Muuguzi mmoja alinifokea kwamba namuua mtoto wangu, na neno hilo nililala nalo miaka. Kila Baba Nasra alipotaja mtoto wa pili, nilibadilisha mazungumzo.

Mimba ya pili ilipofika wiki ya 30 nikaanza kuuliza kliniki. Epidurali, yaani hiyo ganzi ya mgongo ya uchungu, inataka daktari wa ganzi awepo, inataka pampu ya dawa, inataka mkunga wa kukupima presha kila baada ya dakika chache na kusikiliza moyo wa mtoto. Ndiyo sababu huku kwetu wengi wetu hatujawahi hata kutajiwa. Tulilazimika kwenda hospitali ya kulipia, na pesa yangu yote ya mchezo ilikwenda huko. Siisemi kwa kujionyesha. Naisema kwa sababu inaniuma kwamba dawa ya maumivu ya uzazi inafuata mfuko wa mtu.

Niliuliza maswali mawili kabla ya kulipa chochote. La kwanza, daktari wa ganzi hulala hapo au huitwa kutoka nyumbani? La pili, nikifika wakati wa kusukuma, mnaizima? Jibu la pili ndilo lililonishtua. Sista alinijibu kwa upole kabisa, “Ukifunguka zote huwa tunaizima, mama, ili usikie kusukuma.” Yaani mlango wa uzazi ukishafunguka sentimita zote kumi, ile saa niliyokuwa nikiiogopa kuliko zote, ndiyo ningeachwa bila dawa.

Nikaomba nionane na daktari wa ganzi mwenyewe. Nilikutana naye wiki ya 34, na ile nusu saa ilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Alichukua karatasi akachora uti wa mgongo. Mwanzo wa uchungu, akasema, maumivu yanatoka kwenye mfuko wa uzazi na mlango wake, na mishipa ya fahamu inayoyabeba huingia sehemu ya juu kidogo ya kiuno. Wakati wa kusukuma maumivu mapya yanaongezeka, ya ukeni na ya msamba, na mishipa yake iko chini kabisa, karibu na kitako. Kwa hiyo mwanamke anaweza kustarehe saa nne nzima, kisha kichwa kikishuka akahisi moto, akadhani dawa imeisha. Dawa haijaisha, ila haijafika chini vya kutosha. Huongezwa, na mama huinuliwa mgongo kidogo.

Kuhusu kuizima, aliniambia mazoea hayo yametoka zamani, dawa ilipokuwa kali na miguu inakuwa mizito kama magogo. Siku hizi huchanganywa dawa nyepesi ya ganzi na fentanili kidogo, ambayo ni dawa kali ya maumivu, mama anaondokewa na makali lakini mgandamizo anausikia, na miguu anaisogeza. Nilirudi nyumbani nikasoma zaidi. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Nanjing, China, kwa wanawake 400 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza. Walipofika kusukuma, nusu yao waliendelea kupewa dawa na nusu wakabadilishiwa maji ya chumvi, wao wenyewe wala waliowahudumia wasijue nani ana nini. Waliobaki na dawa walichukua dakika 52 kwa wastani, wenzao 51. Dakika moja tu! Nikasoma pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018: mwanamke mwenye afya akiomba epidurali anastahili kupewa, na akishafunguka zote anaweza kungoja saa moja hadi mbili, au mpaka hamu ya kusukuma imjie, mradi pana watu na vifaa vya kumwangalia yeye na mtoto.

Daktari akaandika kwenye faili langu kwamba dawa isizimwe bila yeye kuulizwa. Hakunificha madhara: presha inaweza kushuka, mwili unaweza kuwasha na kutetemeka, mkojo utatolewa kwa mpira, kusukuma kunaweza kurefuka, na kama mmoja kati ya 100 hupata maumivu makali ya kichwa baada ya sindano kutoboa utando wa ndani. Akanipima damu kuhakikisha inaganda sawasawa, kwa sababu isipoganda vizuri sindano hiyo haichomwi.

Mavyaa hakupenda. “Mwanangu, hiyo ya mgongo itakulemaza. Wangapi tuwajuao walidungwa, hadi leo migongo yawauma.” Nilimwambia, “Mama, wale walidungwa ya operesheni, ile ya mara moja. Hii ni mpira mwembamba unaoachwa mgongoni, dawa inapita kidogo kidogo. Na maumivu ya mgongo ya kudumu waliopimwa wameonekana sawa, waliodungwa na wasiodungwa.” Aliniangalia kitambo. “Haya. Mungu akusahilishie.”

Uchungu ulinianza Ijumaa baada ya isha. Tuko Mombasa, upande wa Likoni, tukavuka feri ya saa tano usiku, mimi nimeshika reli na Baba Nasra amenishika kiuno. Nilipofika nilikuwa sentimita tano.

Kuchomwa kwenyewe nilikukuta tofauti na nilivyodhani. Unakaa ukingoni mwa kitanda, unakumbatia mto, unainama na kutoa mgongo nje kama paka aliyeshtuka. Dawa ya kusafishia ni baridi, inateremka mpaka kwenye shuka. Ganzi ya ngozi inachoma kama nyuki, kisha yote yaliyobaki ni kusukumwa tu, mtu anakugandamiza kwa kidole gumba. Kibaya ni kwamba uchungu unakuja na wewe umeambiwa usitikisike. Sista aliniwekea paji la uso begani mwake akaniambia nihesabu pumzi naye. Mara moja nilihisi kama shoti ya umeme mguu wa kushoto, nikamwambia daktari, akairekebisha. Mpira ukabandikwa plasta mpaka begani. Baada ya dakika 15 hivi tumbo lilikaza nikaliona kwenye mashine kabla sijalisikia. Nililia, na Baba Nasra akadhani kuna jambo baya.

Kwenye sentimita nane kinena cha kulia kikaanza kuniuma peke yake. Walinigeuza nilalie upande huo huo, nikabonyeza kitufe cha pampu, baada ya muda kikatulia. Kumbe hata namna unavyolala inaweza kuisaidia dawa kufika.

Saa tisa usiku mkunga wa zamu alinipima, akasema nimefunguka zote. Mkono wake ukaenda kwenye pampu. Baba Nasra akasema, “Samahani sista, daktari ameandika kwenye faili.” Tulikuwa tumeifanyia mazoezi sentensi hiyo nyumbani, kwa sababu nilijua wakati huo mimi sitakuwa na ulimi wa kubishana. Mkunga akasoma, akampigia daktari, akairudisha chini simu na kusema sawa. Tangu hapo alikuwa upande wangu kabisa, na nusu ya mafanikio haya ni yake.

Kwanza tulingoja. Mtoto alikuwa bado juu, mimi sina hamu ya kusukuma, moyo wake unapiga vizuri. Mkunga akanilaza ubavu wa kushoto, mto mkubwa katikati ya magoti, akanitoa mkojo, akazima taa moja. Dakika 50. Mfuko wa uzazi ulikuwa ukimteremsha wenyewe, na nguvu zangu bado ziko. Kwa Nasra dakika hizo zote nilizimaliza kwa kusukuma bure.

Kisha ukaja mgandamizo. Haukuwa na makali, ulikuwa mzito, kama haja kubwa inayotaka kutoka sasa hivi. Pamoja nao ukaja ule moto wa msamba alionitajia daktari. Alikuja akaninyanyua kichwa cha kitanda, akaongeza dawa. Moto ukapungua ukabaki mvuto.

Sasa jibu la lile swali. Mkunga alichukua mkono wangu akauweka juu kabisa ya tumbo, chini ya mbavu. “Hapa patakuambia. Pakianza kuwa pagumu, vuta pumzi. Pakiwa pagumu kama meza, sukuma.” Basi kiganja changu kikawa ndicho kinachosikia kwa niaba ya mwili. Kukaza kulianza polepole, kama mtu anayekunja ngumi chini ya ngozi, na kila mara nilikuwa na muda wa kujiandaa. Halafu akaweka vidole viwili ukeni, upande wa nyuma, akagandamiza. “Nisukume vidole vyangu nje.” Misukumo miwili ya kwanza ilikwenda usoni, nilivimba mashavu, macho yakanitoka, na yeye akasema hakuna kilichosogea. Wa tatu nilifunga mdomo, nikateremsha kidevu, nikaelekeza nguvu pale penye vidole. Akasema, “Hapo hapo! Huo ndio.” Nilitamani kuupigia makofi msukumo mmoja.

Nilibaki nimelala ubavu. Nilimwomba hivyo kwa sababu nilisoma utafiti wa Uingereza, wa mwaka 2017 pia, uliolinganisha wanawake wa uzazi wa kwanza wenye epidurali nyepesi: waliolala ubavu wakati wa kusukuma, asilimia 41 walizaa wenyewe bila mtoto kuvutwa kwa vifaa, na waliokaa wima asilimia 35. Watu wengi wangedhania kinyume. Sista alinishikia mguu wa juu, mimi nikavuta nyuma ya paja langu mwenyewe. Baina ya uchungu mmoja na mwingine nilikunywa maji, nikamwuliza Baba Nasra kama Nasra amelala. Niliweza kuuliza habari za mwanangu katikati ya kuzaa. Hilo ndilo nililolilipia.

Baada ya dakika 35 hivi mkunga akaniambia niteremshe mkono. Nikagusa nywele, zimelowa, laini, na chini yake mfupa mgumu. Kisha akasema neno ambalo mara ya kwanza nisingelisikia: “Sasa usisukume. Puliza. Puliza kama unawasha makaa.” Nikapuliza, fu, fu, fu, mwili unataka kusukuma na mimi naupa pumzi tu, na kichwa kikatoka taratibu mikononi mwake. Nilishonwa nyuzi mbili, sikuzisikia. Mvulana, kilo 3.2, alilia kabla miguu haijatoka. Baba yake alimwadhinia sikioni pale pale, sauti inamtetemeka.

Yaliyofuata hayakuwa yote mazuri. Nilitetemeka meno yakigongana kwa nusu saa, pua iliniwasha mpaka alfajiri, na mguu wa kushoto ulichelewa kurudi, nikaenda chooni nimeshikwa na watu wawili. Mpira ulipovutwa mgongoni haukuuma, plasta ndiyo iliyouma. Pale ulipokuwa paliniuma kama jeraha la kugongwa kwa siku nne hivi.

Nyumbani mavyaa alianza kunikanda kwa maji moto siku ya pili, kama ada. Tumbo, mapaja, mabega. Akifika kiunoni kitambaa kinapita pembeni, kinazunguka, kinashuka. Siku ya sita nilimwuliza, “Mama, mbona hapo hupakandi?”

“Naogopa kukitonesha kidonda cha ile sindano.”

Nikaushika mkono wake na kitambaa chake cha moto, nikauweka pale pale katikati ya mgongo. Alipapasa kwa kidole gumba, akatafuta, hakuona kitu. Akachovya kitambaa tena, akakanda.