Kiingereza cha mlimani nilivyokipata

Nilibeba mizigo Kilimanjaro misimu minne kabla ya kupata leseni ya kuongoza wageni, na muda wote huo kila mtu alikuwa na ushauri wake kuhusu Kiingereza. Wagumu wenzangu, yaani wapagazi, waliniambia nibane pua niongee kama Mmarekani. Nikalipia kozi pale Moshi, laki mbili na ushee, nikatoka nimekariri nyakati zote za vitenzi. Hakuna aliyenitajia habari ya "yes" na "no", na hapo ndipo nilipoumia.

Ilikuwa safari yangu ya tatu kama msaidizi. Tumefika kambi ya Kibo jioni, ya mwisho kabla ya kilele, mita 4,720, mezani vyombo vimeshaondolewa. Nikamuuliza mama mmoja Mwingereza: "You didn't eat?" Akajibu, "No." Nikaridhika. Kwetu ukiulizwa "Hujala?" ukajibu "Hapana", umekula, asiyekula husema "Ndiyo, sijala." Kwake yeye ni kinyume: ile "no" ilikuwa inaniambia hajatia kitu mdomoni. Saa sita usiku tukaanza kupanda. Hatujafika pango la Hans Meyer akaanza kuyumba, fimbo zikamponyoka mikononi. Tangu mchana alikuwa amekunywa maji tu. Nikamteremsha polepole, taa yangu ikimulika viatu vyake hatua kwa hatua. Kesho yake mchana alikuwa Horombo, kambi ya chini yake, anakunywa uji. Alipona, lakini kilele alikikosa, na inaniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo siulizi swali la kukanusha. Hata hali siulizi, maana wote hujibu "fine" huku midomo imegeuka bluu. Nauliza: umekula nini? Umekunywa maji vikombe vingapi? Kichwa kinauma kiasi gani, moja hadi kumi? Mkojo una rangi gani? Hilo la mwisho lilinipa aibu kwa mama wa watu, nikazoea.

Kuwasimulia wageni nilijifunzia kwenye lobelia, mmea mkubwa wa mlimani, jinsi inavyofunga majani usiku kukinga kichipukizi na baridi. Nilijirekodi kwa simu, nikajisikiliza kwenye daladala, nikatupa kila neno nililolimung'unya, mpaka Mjerumani akanielewa bila kuniomba nirudie.

Msimu huu nimeongoza kundi langu mwenyewe, wageni saba. Jioni ya Kibo nilizunguka meza nikimuuliza kila mmoja amekula nini. Wawili wakanionyesha bakuli zimejaa. Nikaketi nao mpaka supu ikaisha.