Daftari la madeni na damu ya mdogo wangu

Daftari ni lile lile la dukani. Kushoto ninaowadai; kulia, kwa kukosa karatasi nyingine wodini, nikaanza kuandika FBP, yaani hesabu za chembe za damu, za mdogo wangu anayeugua saratani ya damu.

Alipewa dawa za saratani: sitarabini siku 7, na daunorubisini zile 3 za mwanzo. Siku ya 13 chembe nyeupe zilikuwa 0.2 na chembe sahani, zile za kugandisha damu, 8. Fizi zilimvuja damu hadi nesi akampiga marufuku mswaki. Akawa anasukutua tu kwa maji ya chumvi. Akatundikiwa mfuko wa sahani, rangi yake kama mafuta ya alizeti yasiyochujwa. Kesho yake 31! Nikampigia mama, akapiga kigelegele.

Kaka wa maabara ndiye aliyenikata maini: "Dada, hizo si zake, ni za waliochangia damu." Siku tatu tu, zikarudi 11. Tangu hapo nikawa naandika M kila siku ya mfuko. Namba yenye M nyuma yake sikuihesabu.

Siku ya 22: nyeupe 0.6, na nyutrofili, zile nyeupe za kupambana na vijidudu, 0.1. Nikafunga daftari. Yule kaka akalifungua, akazungushia duara safu niliyokuwa nairuka siku zote, monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe: 0.3. "Hizi mara nyingi hutangulia," akasema. Walikuwa wameshazitazama kwa hadubini, si zile seli changa za ugonjwa.

Kweli. Siku ya 25 nyutrofili 0.4, ya 27 zikawa 0.9. Sahani 19, 34, 62, bila M hata moja. Hemoglobini ndiyo ilisusa, 7.8, lakini chembe nyekundu huishi kama miezi 4 na kujazwa kwake ni pole pole, basi sikuikasirikia.

Mimi nikaanza kukunja mashuka. Daktari akanituliza: namba zinaonyesha uboho, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, umeamka, hazisemi kilichoamka ni nini. Lazima wamchome nyongani kuvuta uboho, wakute seli changa chini ya asilimia 5, tena nyutrofili zifike 1.0 na sahani 100, ndipo waseme ugonjwa umetulia. Tukaambiwa majibu yatatoka Jumanne.

Jumapili jioni akaniambia, "Dada, nataka mswaki." Nikashuka kumnunulia ule laini kuliko yote. Akapiga taratibu, akatema kwenye beseni, tukainama wote wawili kuangalia. Povu jeupe.

Nimeandika: siku ya 29, mswaki. Iko mkabala na deni la mchele kilo 2.