Kutoka Kange mpaka Hale, tukitafuta pa kujenga mtaa wenye shamba lake

Wadau nimerudi kutoka Tanga na nina mengi ya kusema, mnivumilie maana ntaandika kwa kirefu.

Sisi ni kikundi cha ndugu na marafiki wa Dar, tunachanga kila mwezi tununue ardhi mkoa wa Tanga. Ila hatutaki ule mtindo wa kila mtu kuwa na kiwanja chake porini afu anakaa miaka anasubiri umeme na maji. Tunataka mtaa ulopangwa kuzunguka shamba, na nikisema shamba namaanisha shamba kweli, lenye msimamizi, vibarua, ng'ombe, mauzo na hesabu, na nyumba zetu ziwe pembeni yake karibu karibu. Nikatumwa mimi kwenda kuangalia hali halisi, nikaongozana na mwenzetu ambaye ni mpima ardhi, amesoma Chuo Kikuu Ardhi, na bila yeye safari hii nisingeielewa hata nusu.

Kwa nini Tanga na sio kwingine? Kwa sababu Tanga watu wameishi kuzunguka mashamba makubwa kwa zaidi ya miaka 100. Nilitaka nione hayo maisha yaliishia wapi kabla hatujaweka hela yetu.

Asubuhi tukapanda hiace pale stendi ya Kange kuelekea Muheza. Ukitoka tu Kange mpaka Pongwe unaiona vita ya ardhi kwa macho. Minazi imekatwa, bikoni za mipaka ya viwanja zimesimama kwenye majani, mabango ya viwanja kila baada ya hatua chache, na tangu habari za bomba la mafuta linalokuja kuishia Chongoleani zianze kila mtu anaamini bei itapanda tu. Tukashuka Pongwe kuongea na dalali mmoja, kijana mchangamfu sana, tukamweleza tunachotafuta, akatuangalia akasema, "Shamba la nini kaka zangu, kateni yote 20 kwa 20, mnamaliza kuuza kabla ya Ramadhani."

Sasa hapo mpima akachukua daftari tukapiga hesabu palepale juu ya meza ya muuza chipsi, na naomba mfuatilie maana ndo kiini cha kila kitu. Chukua eka 50. Ukiwagawia watu nusu eka nusu eka kama wengi wanavyofanya, kila mmoja na "kishamba" chake, ukitoa barabara unabaki kama na eka 40, yani familia 80, na hakuna hata mmoja mwenye shamba la maana, kila mtu ana migomba mitano na mwembe. Lakini ukizikusanya nyumba kwenye eka 15 tu, viwanja vya mita 20 kwa 20, ukatoa robo ya hilo eneo kwa barabara za ndani, unapata viwanja 110 na ushee. Weka eka 5 kwa barabara kubwa, kisima, msikiti, kanisa, shule ya chekechea na uwanja wa mpira. Zinabaki eka 30 za shamba moja lisilokatika. Familia zimeongezeka na shamba limepatikana. Dalali mwenyewe alikaa kimya akairudia ile hesabu kwenye simu yake.

Tukiwa kwenye gari mpima akanisimulia za wenzetu. Huko Illinois, Marekani, kuna mtaa unaitwa Prairie Crossing, pale Grayslake. Kulikuwa na eneo la eka 677 ambalo mjenzi alitaka kuweka nyumba zaidi ya 2,000, majirani wakapinga, wakaungana wakalinunua wenyewe mwaka 1987, wakaishia kupanga nyumba za familia 359 tu na sehemu kubwa ya ardhi ikabaki wazi, kuna shamba la mbogamboga la kilimo hai ndani yake, na ardhi ile imefungwa kisheria isije kujengwa kesho na keshokutwa. Kilichonigusa zaidi ni hiki, kila nyumba ikiuzwa pale, nusu asilimia ya bei inaenda kwenye mfuko wa kutunza mazingira ya eneo. Yani mtaa wenyewe unalisha ardhi yake. Na kabla ya hao kulikuwa na Village Homes kule Davis, California, miaka ya 1970, nyumba zaidi ya 200, njia nyembamba, miti ya matunda kila mahali, na maji ya mvua hayaingizwi kwenye mabomba, yanapita kwenye mifereji ya wazi yenye majani mpaka yanazama ardhini. Nikawaza masika ya Tanga, nikawaza mitaa yetu inayogeuka mito, nikasema hii ya mifereji tunaibeba kama ilivyo.

Mbele ya Ngomeni tukakodi bodaboda tukaingia kwenye kambi moja ya zamani ya mkonge. Hapa ndo nataka nikae kidogo.

Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, alisafirisha miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka kwenye hiyo miche 62 nchi hii ikaja kuongoza dunia, mwaka 1964 zilizalishwa zaidi ya tani 230,000. Mashamba yalitaka watu, na watu waliletwa kutoka kila pembe, Kigoma, Songea, Njombe, mpaka Burundi na Msumbiji, wakajengewa kambi. Ukiitazama kambi kwa jicho la mtu wa mipango, kusema kweli imepangwa vizuri: nyumba ziko kwenye mistari, uwanja wa mpira katikati, duka, zahanati, shule, na barabara inayoenda moja kwa moja kwenye korona ambako majani yanachakatwa kutoa singa, yani nyuzi za mkonge. Mtu alitoka mlangoni akawa kazini kwa miguu. Ni mtaa uliozunguka shamba kabisa kabisa, kila tunachokiota kwenye karatasi kilikuwepo.

Tulimkuta mzee ameketi barazani anasuka kamba. Tukamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu zangu, waja leo?" "Twaja leo babu na twaondoka leo." Akacheka akatukaribisha mkeka. Tukamuuliza hapa kwenye nyumba hii ana karatasi gani. Hana. Baba yake aliletwa kukata mkonge, yeye akazaliwa hapahapa, akakata mkonge, akastaafu, na nyumba ni ya shamba. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka Dar: "Shamba lilipolala sisi hatukuwa na pa kulima hata mchicha. Mkonge ukiota magugu hadi mlangoni, lakini si wetu kuufyeka."

Wadau, baada ya kutaifishwa 1967, na bei ya dunia kuanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashamba mengi yalidorora na watu wa kambi wakabaki katikati ya maelfu ya hekta wasizo na haki nazo. Kwa hiyo ramani nzuri peke yake haitoshi. Watu waliishi kulizunguka shamba na shamba halikuwa lao hata hatua moja. Sisi tuna hatari ya upande wa pili, nyumba zitakuwa zetu na shamba litakuwa la wote, na kitu cha wote bila hati kinamegwa, leo mtu kaomba kakipande ajenge fremu ya duka, kesho mwenyekiti kampa shemeji yake kiwanja pembeni ya kisima. Ndo maana nilitoka pale nimeamua kwamba nitasimamia jambo moja kwenye kikundi mpaka wanichoke: shamba lipate hati yake kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa kwa yeyote, na hati hiyo iwe kwa jina la ushirika wenye hisa, sio jina la mtu.

Muheza tulifika mchana, mji umejaa machungwa, yamepangwa mafungu barabarani na mengine yanapakiwa kwenye malori. Mkulima mmoja akatuambia mnunuzi anakuja kununua yakiwa bado mtini, na yakikomaa kwa wote kwa pamoja bei inashuka mpaka unaona bora yaoze. Mchungwa wenyewe unausubiri miaka mitatu minne ndo uanze kukulipa. Kwa hiyo shamba la mtaa haliwezi kutegemea machungwa peke yake, linahitaji kitu kinacholeta hela kila siku.

Na Tanga jibu linajulikana. Ni maziwa. Tangu miaka ya 1980 kulikuwa na mradi wa ng'ombe wa maziwa kwa wafugaji wadogo ukisaidiwa na Uholanzi, ukazaa ushirika wa wafugaji, na leo kiwanda cha Tanga Fresh kinapokea maziwa ya wafugaji hao. Tulimtembelea mama mmoja nje kidogo ya mji, ana ng'ombe wanne wa ndani, banda safi la sakafu ya zege, majani tembo amepanda pembeni, samadi inaenda kwenye machungwa. Kila asubuhi maziwa yanaenda kituo cha kukusanyia. Nilimuuliza, mama, sisi tunakaa Dar, tutakuja wikiendi kusaidia, itawezekana? Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, ng'ombe anakula kilo 40 za majani na zaidi kwa siku, anakunywa ndoo kwa ndoo, na hajui Idi wala Pasaka. Tafuteni mtu alale hapahapa na mmlipe vizuri, la sivyo mtamuua mnyama wa watu."

Kumbe na yeye ana kesi. Jirani kajenga nyumba nzuri ya vigae mita chache kutoka bandani, mwaka haujaisha kaenda kwa mtendaji kulalamika nzi na harufu. Mama alikuwepo kabla, ng'ombe walikuwepo kabla, lakini anayeitwa ofisini ni yeye. Hili liliniuma sana kwa kweli. Marekani majimbo yote yana sheria za kumlinda mkulima dhidi ya jirani aliyehamia akamkuta anafuga, sisi itabidi tujilinde kwa karatasi yetu wenyewe, kila anayenunua kiwanja asaini kwamba anajua kuna banda, kuna samadi, kuna jogoo saa kumi alfajiri, na kuna kupuliza dawa. Na kwenye ramani mpima ameshachora mkanda wa miti wa mita 30 kati ya nyumba na shamba, banda liwe upande ambao upepo unatoa harufu nje ya mtaa, nyumba zikae juu mwinuko na shamba chini ili maji ya mvua yateremkie kwenye mazao.

Hale tulipita haraka jua likiwa linashuka. Nilitaka tu nipaone kwa sababu ndipo ulipojengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge, ulizinduliwa 2008. Jani la mkonge linatoa singa asilimia 4 hivi, kilichobaki chote kilikuwa kinatupwa tu. Kwa mtaa wetu sio lazima mkonge, samadi ya ng'ombe kumi kumi na tano inaweza kutoa gesi ya kupikia majiko kadhaa, na tope linalobaki ni mbolea.

Kijiji ambako kuna eneo tunalolitazama sikitaji hapa maana mazungumzo bado. Tulikaa na wazee na wajumbe wa halmashauri ya kijiji chini ya mwembe, tukaeleza. Bibi mmoja akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri, "Mnatuletea Operesheni tena?" Anaikumbuka ile Operesheni Vijiji ya 1973 mpaka 1976, watu walihamishwa wakapangwa mistari barabarani na mashamba yakabaki mbali, mtu anatembea asubuhi yote ndo afike kwenye mihogo yake. Tulimwambia hapana bibi, hakuna anayehamishwa, na shamba letu litakuwa mlangoni, na wenyeji wanaotaka kuingia kama wanahisa wataingia kwa kiingilio cha ardhi yao badala ya fedha. Alisema atafikiria. Mtendaji naye akatukumbusha kwa upole kwamba ile ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria namba 5 ya 1999 halmashauri haiwezi kutoa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na baada ya hapo ndo yaje mambo ya matumizi bora ya ardhi, mchoro wa mipango miji, upimaji, hati. Sikuona kama ni usumbufu. Hao ndo watakuwa majirani zetu, na kama hawakutaka tuwepo, hakuna mkanda wa miti utakaosaidia.

Huku Dar mjadala umewaka kwenye grupu. Wengine wanasema hati ya shamba kwanza itachelewesha, tuanze kuuza viwanja vichache tupate mtaji. Mimi nimekataa na mpima amekataa. Kaka yangu mkubwa naye ametuma mchango wake wa mwaka mzima kwa mkupuo, kwa sharti kwamba usiguswe mpaka hati ya zile eka 30 ionekane mezani. Mkutano mkuu wa kijiji utaitishwa watu wakishamaliza kuvuna mahindi ya masika, na tumeombwa tuje na ramani kubwa ya kubandika ukutani, iliyoandikwa Kiswahili, yenye majina ya njia na mito kama wenyeji wanavyoiita.