Mafuta ya CBD na doa la shangazi

Tangu shangazi aambiwe lile doa jeusi kisiginoni ni melanoma, aina ya saratani ya ngozi, simu yangu haipumui. Kila jamaa ana dawa yake. Wiki hii ni mafuta ya CBD, kachupa kadogo kama ka dawa ya macho, na muuzaji wa Ngara anaapa "yanayeyusha saratani." Bei yake ni kodi ya nyumba!

Nimesoma hadi macho yakauma. CBD hutolewa kwenye mmea wa bangi lakini hailewishi. Kinacholewesha ni THC, kemikali nyingine ya mmea huohuo. Katika utafiti uliochapishwa 2019, panya waliopandikizwa melanoma wakapewa CBD, uvimbe wao ulikua polepole kuliko wa wale ambao hawakutibiwa. Ila waliopewa sisplatini, dawa ya kemo ya siku nyingi, waliishi muda mrefu zaidi. Hapo muuzaji hapagusi. Marekani iliidhinisha dawa ya CBD mwaka 2018, sawa, lakini ni ya kifafa. Tena CBD inaweza kuvuruga jinsi ini linavyovunja dawa nyingine, kwa hiyo anayeitumia amwambie daktari.

Na nani alituambia saratani ya ngozi ni ya wazungu? Kwetu weusi melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Ya Bob Marley ilianzia kidole gumba cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36.

Shangazi anafanyiwa upasuaji Alhamisi. Mwenye gari la kututoa Kayole alfajiri, tafadhali aniandikie.