Daftari la Mwisho wa Mwezi

Ukisema Kiwira, wengi wanadhani ule mji wa ndizi pale Rungwe, barabarani kwenda Tukuyu. Mgodi wa makaa ya mawe wenyewe uko Ileje, bondeni, karibu na mpaka wa Kyela, kwenye joto na mvua. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Mbeya. Songwe umekuja 2016. Mgodi ulianza kuzalisha 1988 kwa msaada wa China, ukiwa na mitambo yake ya umeme ya megawati 6, na mimi nilikuwa na kiduka jirani.

Daftari langu la mkopo sikulipanga kwa majina. Nililipanga kwa shifti. Mtu akija kuchukua sukari robo na kipande cha sabuni ya mche, niliuliza tu, "Shifti gani?"

Uzalishaji uliposimama mwishoni mwa miaka ya 2000, wateja hawakunikimbia. Ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Walikuja vilevile: "Mama Tumaini, niandikie, nitalipa mwisho wa mwezi." Mimi najua hakuna mshahara, yeye anajua, na bado naandika. Kumkatalia ilikuwa kama kumwambia usoni kwamba hashuki tena chini. Niliandika miezi saba, mpaka rafu ikabaki na chumvi, viberiti na kreti la chupa tupu.

Jioni moja nikatoka na daftari, nyumba kwa nyumba. Sikudai hela. Nilisema, "Baba fulani, hapa ndani una nini?" Nikarudi na mikungu ya ndizi, kuku wanne, buti za mgodini, na taa ya kofia yenye betri ya kufunga kiunoni. Betri ilishakufa (nilijua tangu naipokea), lakini ungemkataliaje mtu taa yake? Bado inaning'inia kwenye msumari.

Mzee mmoja hakuwa na kitu. Kazi yake ilikuwa kuweka nguzo za mbao za kushikilia mwamba kule chini. Nikamwambia anijengee baraza. Siku tatu nilimwangalia: akisimamisha mti, anaugonga kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, anasikiliza. Mti mmoja aliung'oa mara mbili. Kwangu mimi ulikuwa mti kama mingine, yeye akasema, "Huu unadanganya."

Zile ndizi ndizo zilinifungua macho. Niliziuza Kyela, nikarudi na bidhaa, na usiku ule nikaanza daftari jipya. Hakuna shifti tena: kuna ndizi, kakao na mpunga. Mwenye ndizi namkopesha wiki moja, basi, kwa kuwa anakata mkungu muda wowote. Mwenye mpunga simkopeshi kabisa. Nimesemwa sana kwa hilo, lakini maji ya Kyela yakifurika huwezi kwenda kudai shamba. Kakao ndiyo inataka akili. Tangu 2018 inauzwa mnadani kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima; mkulima anapeleka mzigo, halafu anasubiri malipo. Kwa hiyo simuulizi tarehe, namwambia anionyeshe risiti ya kilo alizopeleka, na namkopesha chini ya nusu ya hizo.

Wazee wa mgodi iliwachukua muda. Mmoja alininunia karibu mwaka mzima, akawa anatembea hadi duka la mbali kununua majani ya chai. Baadaye naye akapanda miche ya kakao.

Sasa STAMICO, shirika la madini la serikali, wanachimba Kabulo, mgodi wa wazi. Watu wa malori wananunua maji na biskuti, wanalipa taslimu, wanaondoka. Siwaandiki popote.

Yule mzee wa nguzo bado anakuja asubuhi. Kabla hajakaa barazani anagonga mti mara mbili, anasikiliza, ndipo anaomba sukari robo.