Sandwichi za nyumbani bila kukausha mfuko

Watu wengi wakitaka kubana matumizi ya sandwichi wanakimbilia mkate wa bei chee, kumbe hela yenyewe inaliwa na vile vinyama vilivyokatwa na kufungwa tayari. Mi siku hizi nachemsha au naoka kipande kizima cha kuku, kikipoa natia kwenye friji kigande ndo nakikata slesi nyembamba kwa kisu kikali, kinakaa siku 3 mpaka 4 na ladha haifanani kabisa na ya pakiti (ile ina chumvi balaa). Chizi nayo nunua kipande kizima halafu ukwangue mwenyewe, ikikwanguliwa inatandaa vizuri so unatumia kidogo.

Mkate sasa, jamani msiuweke friji! Ubaridi ule unaufanya ukakamae haraka kuliko ukiacha mezani. Ukiona hautaisha, kata slesi utie friza, unatoa zile unazohitaji tu unazipitisha kwenye tosta.

Mayai ya kuchemsha ukiyaponda na mayonezi kidogo yanashibisha vizuri badala ya hizo hem (nyama ya nguruwe ya pakiti). Nyanya nunua chache chache, zinaoza upesi.